Vitunguu Arobaini na Mguu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Plasta ya mke wangu imetolewa wiki mbili sasa. Mguu mzima, muuguzi kathibitisha. Mwenye mguu ndiye hataki kusimama. Anaogopa kuanguka tena, ingawa hatakiri hata umbane na mlango. Anakaa kitini, dirisha la barabarani, anahesabu wapita njia.

Leo muuguzi ameonya: mguu usipotumika husahau kazi yake. Nikambembeleza. Nikamnunia. Wapi! Akasema atasimama siku vitunguu vyake vikiwa tayari. Atakwenda mwenyewe kuving'oa, asishikwe na mtu.

Alivipanda nyuma ya nyumba kabla hajaanguka. Arobaini. Tangu hapo mkulima ni mimi. Miaka thelathini na minane nimeshona suruali za watu. Kitunguu kitanishinda nini?

Jumanne, 4 Machi

Msiba! Vitunguu saba vimelala. Shingo zimelegea, majani yako chini. Nimevimwagia ndoo mbili za maji.

Mke akauliza habari za vitunguu. Nikamwambia vimesimama wima kama askari. Akauliza, kweli bado vimesimama? Nikamwapia. Akashusha pumzi, akageukia dirisha. Nadhani alifurahi.

Kumfurahisha zaidi, nimepanda kitunguu saumu. Zamani aliwahi kunieleza: bandua punje mojamoja, kila moja na shimo lake, ncha juu. Nilipozishika huruma ikaniingia. Nimezika vichwa vizima. Familia haitenganishwi.

Jumatano, 5 Machi

Kumi na tisa chini! Nyongeza: ndoo nne.

Jirani yangu fundi baiskeli, ambaye mimi namwita Mjuaji, alichungulia juu ya ua. Vyake alishaving'oa, kavianika barazani watu wavione. Akatazama tuta langu, akacheka, akafungua kinywa anieleze jambo. Nikamkata kauli. Sichukui ushauri kwa mtu aliyetengeneza baiskeli yangu akabakiwa na nati mbili mkononi. Akasema haya bwana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwamba nyumba hii guu limeshavunjika, alete methali nyingine.

Nilimnyamazisha vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Vyote. Arobaini. Hakuna kilichosimama.

Mke kauliza tena. Nimesema askari wako imara. Hakula hata nusu ya chakula chake. Akaniuliza kama nadhani vitunguu vinaweza kukataa kukomaa, vikabaki hivyohivyo mpaka mtu akazeeka kitini. Nikatoka nje, nikajifanya natafuta jembe.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Naogopa. Zamani nilikuwa naamshwa na ndara zake zikiburuzika jikoni, nalalamika. Sasa naamka kwa ukimya. Vitunguu vikifa, hatasimama. Nami nimeviua, kwa mkono wangu na ndoo zangu.

Lakini ngoja. Mguu ulipovunjika, daktari alifanya nini? Aliufunga, ukanyooka. Vijiti ninavyo. Uzi ninao, tena wa koti.

Jumamosi, 8 Machi

Nilianza alfajiri. Kila kitunguu kijiti chake, majani yakanyanyuliwa, yakafungwa kwa uzi mwekundu. Fundo la kifungo cha koti, haliachii. Kufika adhuhuri vyote arobaini wima! Ningevaa suti nipigwe picha navyo.

Mjuaji akachungulia. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya tairi. Mke akasikia, akaita kutoka chumbani kuna nini. Nikasema hamna kitu. Yule mmbea akapaza sauti: shemeji, njoo uone, mumeo kavifunga vitunguu kama majeruhi!

Halafu nikasikia ndara.

Alitokea mlango wa jikoni, mkono ukutani, mkono kwenye fimbo. Nikakimbia kumshika. Akasema nikimgusa tutagombana. Kutoka mlangoni hadi kwenye tuta ni hatua thelathini na moja. Nimezihesabu zote, pumzi nimeibana. Hata Mjuaji aliacha kucheka.

Akatazama vitunguu. Akanitazama mimi. Akacheka, kile kicheko chake cha zamani, mpaka ikabidi aegemee bega langu, na sasa kugusana kukaruhusiwa. Macho yangu yakajaa maji. Nikasingizia vitunguu, na hakuna aliyekuwa amekata hata kimoja.

Ndipo akanieleza. Kitunguu kikilala ndiyo kimeiva. Shingo inalegea yenyewe, unaacha maji, unang'oa, unaanika. Wiki nzima amekaa akisubiri kuambiwa vimelala, na mimi namletea askari! Mjuaji akasema ndilo alilotaka kunieleza Jumatano.

Nikamwekea ndoo, nikaipindua, akakaa. Akakata nyuzi zangu kwa mkasi wangu, akang'oa kimoja kimoja, akinitukana taratibu kwa upendo. Kimoja hakukifungua. Amekiweka dirishani jikoni na kijiti chake. Kisha akauliza yale mashimo mapya pembeni ni ya nini. Nikasema panya.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamshwa na ndara! Alikuwa barazani anakagua vitunguu. Amesema atakwenda kuvikagua kila asubuhi mpaka vikauke, si kwa sababu ya vitunguu, bali kwa sababu yangu. Maneno matamu haya. Miaka yote hii, bado ananipenda.

Muuguzi alipita, akamkuta amesimama, akapiga makofi. Akaniuliza dawa ilikuwa nini. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba kilimo ni mkono wa mtu, wengine tumezaliwa nao.

Mke ameagiza vitunguu visiguswe, visipate hata tone la maji. Sawa. Ila mchana nimevitazama kwa karibu. Maganda yamekauka, yanalia kama karatasi. Maskini, vina kiu! Kesho anakwenda kliniki kwa miguu yake. Akishatoka tu, kila kimoja nitakipa kikombe.