Ombi la Kuondolewa kwa Milima ya Mau

Kambi ya Juu,
karibu na Mogogosiek.
Mei 1955

Kwa Bwana Mkubwa Anayesimamia Milima,

Pokea heshima zangu, Bwana. Ofisi yako siijui ilipo, lakini katika nchi hii kila kitu kina mkubwa wake, basi hata milima haikosi wake. Mimi ni Zacheus Onsongo, mchuma chai kutoka Kisii. Naishtaki Milima ya Mau.

1. Imekaa mashariki ikituzibia jua. Sisi tunaamka gizani, na nyapara bado anatuita wavivu. Yenyewe haina kipande cha kazi, hailipi kodi, na hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi.

2. Kila alasiri mawingu hukusanyika juu yake bila kibali, kisha hutupiga kwa mvua ya mawe. Rafiki yangu Thuo, Mkikuyu anayeshona nguo pale Chepseon, alijibanza barazani na wateja wake wakikwepa mvua hiyo. Askari wakasema huo ni mkutano. Thuo alilala korokoroni. Milima haikuulizwa neno.

3. Inaficha nyuki. Mzee arap Mibei, mrina asali, alifukuzwa msituni akiambiwa anaharibu miti ambayo babu zake walizaliwa chini yake. Kila ukoo wao ulikuwa na mteremko wake, na huko juu ndiko walikowatahiri vijana. Nyuki wake hawakufukuzwa. Sasa mzee analala jikoni kwetu. Asubuhi anatoka nje, anaitazama Mau, na uji unapoa. Mke wangu Kemuma ameniambia, "Baba Nyambeki, mzee huyu atakufa akitazama huko."

Kwa hiyo naomba, Bwana, milima yote ing'olewe na mahali pake pasawazishwe, ili mzee akose cha kutazama, apate kula. Kumrudisha msituni kwake nimeelezwa ni jambo gumu mno. Ndiyo maana nimeomba lililo rahisi.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na mbwa wako pia.

Ni mimi mtiifu wako,
Zacheus Onsongo

Nyongeza: Nimesikia mashoka. Kampuni imeanza kufyeka msitu ulio juu ya kambi ipande chai, na kijito tunachokunywa leo kimeleta matope matupu. Ombi langu nimeliondoa lote, tafadhali usiguse hata jiwe. Mzee arap Mibei amejifunga shuka lake akapanda kwenda kuwazuia, na Kemuma amemfuata pamoja na wanawake wa kambi. Naifunga barua hii haraka, niwafikie kabla hawajafika kwenye miti.