Wifi Imekufa

Leo nimejivua nguo mbele ya soko zima la Rumonge. (Nguo ziko mwilini, tulieni. Nasema heshima.) Sasa hivi nimelala chali, nimechoka hadi kope, na kabla Bienvenu hajawafikishia habari kwa mdomo wake, naomba muisikie kwangu.

Kwa wasionijua: nilikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma. Kiswahili changu kilinyooka huko, na Kiingereza cha shule kikaning'ang'ania ulimini. Tuliporudi Burundi nikarudi nacho. Huku kila kitu cha kompyuta kinatamkwa Kifaransa, na mimi nafanya kazi kwenye sekretariya, kile kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, karibu na soko. Mteja anaingia: "Niko na u-es-be." Mimi: "Yu-es-bii." Mteja: "Nataka pe-de-efu." Mimi: "Pii-dii-efu." Mteja ananitazama, anachukua karatasi zake, anaenda kibanda cha jirani. (Ndiyo, bosi ameshanisema. Zaidi ya mara moja.)

Bienvenu ni mwenzangu pale kazini. Ametokea Uvira, kule Kongo, ni mpole, na amenivumilia kuliko ninavyostahili. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya ile intaneti isiyo na waya. Yeye anaiita wifi, kama Wafaransa. Mimi naiita waifai.

"Bienvenu, wifi ni mke wa kaka yangu. Ana jina, anaitwa Odette. Hiki kisanduku chenye taa ni waifai."

"Lakini dada, hata Odette mwenyewe anasemaka wifi."

"Odette akisema wifi ananiita mimi!"

Tulibishana hivyo miezi mizima. Wiki iliyopita akachoka. Akainua mikono: "Sawa, mwalimu. Waifai." Akabandika hata karatasi ukutani, WAIFAI IKO HAPA, na wateja nao wakafuata. Nilishinda! Tangu siku hiyo, pale kazini, neno wifi lilibaki na maana moja tu, nayo ilikuwa Odette. Mjue tu kwamba ushindi huo ndio ulionizika.

Sasa leo. Odette alipelekwa hospitali alfajiri, uchungu umeanza. Mimba ya kwanza, baada ya miaka ya kungoja na ya kusemwa na kila mtu. Mimi huyu mwanamke nampenda. Nilipofika hapa Kirundi changu kikiwachekesha hadi watoto, yeye ndiye alinipa kitanda na hakunicheka. Kazini nikaomba ruhusa, nikaenda sokoni kumnunulia sabuni, kitenge na unga wa uji. Ile niko mbele ya Mama Jeanine, yule muuza ndagala, dagaa wa huku kwetu, simu ikaita. Bienvenu. Nyuma yake kelele za watu.

"Alo! Dada! Wifi imekufa!"

"Nini?"

"Wifi imekufa! Kuya mbio, batu bamejaa hapa, banakungojea weye!"

Tiii. Salio lake likaisha.

(Mtaniuliza: si alisema "imekufa", hakusema "amekufa"? Bienvenu husema pia "bosi imefika" na "shangazi yangu imeolewa". Ningejuaje?)

Watu wamejaa kazini, nikajua ni ndugu za Odette, maana kazini kwangu wanapafahamu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Unga ukaanguka huko. Nilipiga yowe nikakaa chini, kwenye maji ya samaki, na sketi yangu ya kanisani.

"Mutoto wangu, iko nini?" akauliza Mama Jeanine.

"Wifi yangu! Amekufa!"

"Yule wa mimba?"

"Yule yule!"

"Mana yanje!" Mama Jeanine akamwita Mungu, akafunga kitenge kiunoni, akaacha ndagala zake wazi, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wauza mawese wakaja. Wauza ndizi wakaja. Watu wasiomjua Odette wala yeye asiowajua wakaja, wanalia kwa uchungu kunishinda mimi.

Wa kazini wangengoja, mimi nilitaka kumwona Odette kwanza, tukashika njia ya hospitali. Nampigia kaka Elie, simu haipatikani. Nampigia tena, haipatikani. Nikajua amezimia. Nyuma yangu waimbaji wawili wakaanzisha nyimbo mbili za makanisa mawili tofauti, hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Mwenye baiskeli ya abiria akasimama, akamteremsha abiria wake, akavua kofia. Nikampungia mkono kumshukuru. (Nilipunga, jamani. Kama mheshimiwa.)

Tunafika getini, namwona kaka Elie amekaa kwenye benchi, ndazi mkononi, chai pembeni. Nikasema maskini, bado hawajamwambia.

Akatuona. Ndazi likasimama katikati ya njia.

"Nani?" akauliza.

"Kaka, jikaze."

"Nasema nani?"

"Odette."

"Lakini nimemwacha sasa hivi! Amenituma chai!"

"Ndivyo kifo inakuyaka, mutoto wangu," Mama Jeanine akamwambia kwa huruma, akamshika bega. "Haibishagi hodi."

Kaka yangu akateleza kutoka kwenye benchi hadi chini, polepole, akalala na ndazi lake. Mwanamume anayebeba madumu ya mawese mawili mawili. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika baba. Hapo roho iliniuma hadi nikasahau kulia mwenyewe.

Basi mlango wa wodi ukafunguka. Akatoka mwanamke ameshika kiuno, anatembea taratibu kama alivyoagizwa na mkunga. Akatutazama wote. Akamtazama mumewe pale chini.

"Amahoro," akatusalimu Odette. "Munamulilia nani?"

Nyimbo zote mbili zikakatika. Mama Jeanine akanigeukia. Wote wakanigeukia.

"Wewe," nikasema.

"Mimi?"

"Umekufa."

"Saa ngapi?"

Hapo simu ikaita tena, salio limepatikana. Bienvenu. Mama Jeanine akanishika mkono: "Weka sauti kubwa. Sisi wote tusikie." Ningekataaje? Nusu ya soko ilikuwa imeacha biashara kwa ajili yangu.

"Alo, dada! Usikuye tena!" Sauti ya furaha, inasikika hadi barabarani. "Wifi imefufuka! Nilichomoa waya, nikangojea kidogo, nikarudisha. Sasa taa zote ziko zinawaka!"

Watu wakatazamana.

Kisha Mama Jeanine, polepole sana: "Kumbe... ni ile ya mashini?"

Kumbe kwa haraka ulimi wa Bienvenu ulikuwa umerudi kwenye neno lake la zamani. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na magamba ya samaki.

"Nimeachia paka ndagala zangu sababu ya mashini?"

Aliyeanza kucheka ni yule mwenye baiskeli. (Alitufuata! Na abiria wake pia!) Kisha wauza mawese. Kisha kaka Elie, akiwa bado chini, akicheka na kulia pamoja. Lakini aliyecheka kuliko wote ni marehemu. Odette alicheka hadi akashika ukuta, akasema "yoo, yoo," halafu akanyamaza ghafla, akatazama miguu yake. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Mkunga akatoka: "Waliokuja kwenye msiba warudi kwao! Hapa watu wanazaliwa!" Tukafukuzwa wote kama kuku.

Alasiri amezaliwa mtoto wa kike, mzima, ana sauti kama ya Mama Jeanine. Wakaniruhusu kuingia. Nilisimama mlangoni, nguo inanuka ndagala, nimeandaa maneno marefu ya kuomba msamaha. Odette akaniwahi.

"Wifi, ni kweli ulilia njia nzima?"

"Njia nzima."

"Elie anasema sokoni ulikaa kwenye matope."

"Maji ya samaki."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. "Watu hufa hawajajua nani angewalilia," akasema. "Mimi nimetoka nje nimemuona." Halafu akanipa mtoto nimshike, na uchafu wangu wote ule, na nikalia tena. Safari hii kimya kimya, kwa kuwa mkunga alikuwa karibu.

Msinicheke. Au chekeni tu, sina nguvu ya kugombana. Bienvenu kanitumia ujumbe kuuliza kama kesho arudishe jina la zamani pale ukutani, nikamwambia aandike analotaka. U-es-be, pe-de-efu, wifi, tamkeni mtakavyo, mimi nitaitika. Naomba jambo moja tu: kikifa chochote, nitajieni kwanza jina lake la ubatizo.