Chungu Changu cha Kura

Jumatatu, 1 Septemba 1679
Bwana Ambrose Thackwell, tajiri wa sufu na mbunge wetu, ni sahibu yangu, chanda na pete. Haya basi: aliwahi kunikanyaga sokoni akaniomba radhi. Usahibu huanza hivyo. Kawajengea wazee fukara nyumba kando ya kanisa, na chumba kimoja ki wazi. Nakitaka. Paa langu linavuja, baridi yaja. Jirani yangu Gervase Tutt, mshona viatu, naye anakimezea mate.

Thackwell anagombea tena. Hapa Wexcombe mwenye kura ni yule anayechemsha chungu chake kwenye jiko lake. Langu lilibomoka. Lakini nani kaingia kutazama?

Jumatano, 3
Nimepikia kwa dada yangu, nikakibeba chungu kingali chatokota, nikakiweka mezani barabarani kama wapiga kura wenzangu, kila mtu aone kuwa napika kwangu. Thackwell akapita, akaonja, akakohoa. Nikamwambia kura yangu ni yake, na kile chumba kingenifaa. Akasema pole mzee wangu, chumba ni cha asiye na moto wa kupikia. Wewe jiko lako si hilo linawaka?

Nimejitia kitanzi kwa mchuzi wangu mwenyewe.

Ijumaa, 5
Tutt kaniumbua sokoni, Thackwell akisikia. Eti huyu Sluce kura kaitoa wapi? Jiko hana, kwenye vifusi vyake mna kuku anaatamia! Nikamjibu kuku ni mgeni tu. Watu mbavu hawana. Thackwell akaja mwenyewe, akainama kuchungulia, kuku akamdonoa. Akaniuliza baridi iliyopita niliota moto wapi. Nikasema kweli: kwa dada yangu.

Akasema chumba ni changu, nihamie leo. Tutt akarudi kwenye viatu vyake, akajishona kidole.

Jumanne, 9
Nalala pakavu. Jana ilikuwa kura. Nikalitaja jina la Thackwell hadi njiwa wakaruka. Karani akasema babu, alaye sadaka hana kura, kaa chini. Thackwell kashinda hata hivyo. Mchuzi ule! Umenipa mimi chumba, yeye ubunge. Sasa nimeona msimamizi wa nyumba hii ya wazee ana chumba chenye madirisha mawili. Nitapika tena.

Nimemwandikia barua: Bwana Thackwell, kanuni ya nyumba yataka tukuombee kila asubuhi. Leo nimemwombea na farasi wako. Hiyo ya farasi nakudai. Niletee kitunguu kimoja tu.