Makapi Yaliyokosa Koo Langu

Jumatano, 13 Agosti

Maafa! Mwalimu Drusilla wa kwaya amesema Sabato hii nitaimba ubeti wa pili peke yangu. Mimi! Ninayesalimia hata kuku nikitazama chini. Kabla sijafungua mdomo, Mama akajibu kwamba nitaimba, tena kwa furaha. Kaka yangu Bravin akacheka, eti mbu wa Nyamira wananishinda sauti. Lazima koo likauke. Likauke kabisa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata! Makapi ya wimbi. Yakiingia kooni, siku mbili huongei. Kesho nitampepetea Mama gunia zima. Nitasimama pale yanapopeperukia, mdomo wazi. Mama ameniuliza kama nina homa, maana sijawahi kujitolea kazi.

Ijumaa, 15 Agosti

Upepo mkali. Nikasimama nyuma ya jikoni na ungo, nimeachama kama kifaranga. Wimbi likaanguka chini, sawa. Makapi? Yakanikaribia, yakageuka! Yakapanda ukutani, yakajizungusha, mengine juu, mengine kando, halafu wingu zima likakunja kona na kuingia dirisha la sebule. Kwaya ilikuwa humo, inafanya mazoezi ya Ijumaa nyumbani kwetu.

Mwalimu wa fizikia aliwahi kusema upepo ukigonga ukuta huvunjika, kila kipande kikazunguka kivyake na kubeba vitu vyepesi kokote. Siku hiyo nilikuwa nachora viatu.

Wamekohoa wote. Koo langu? Safi kama kengele. Nikampelekea Mwalimu Drusilla chai ya tangawizi. Akanong'ona, "Buya mono, vizuri sana, Nyanchoka, una moyo mzuri." Niliona aibu.

Sabato, 16 Agosti

Asante Mungu! Mwalimu Drusilla hakuweza kutangaza jina langu. Sauti hana. Alinipungia mkono mara tatu. Mimi nilikuwa nasoma Biblia kwa bidii, kitabu cha Hesabu. Mchungaji akadhani anaitwa yeye, akaanza mahubiri. Sijawahi kupenda mahubiri marefu hivyo! Mchana nimekula ndizi tano.

Jumapili, 17 Agosti

Mwalimu Drusilla amepona. Anasema nilinyimwa nafasi yangu, maskini, kwa hivyo wiki ijayo nitaimba kwenye makambi, ule mkutano mkubwa wa waumini, mbele ya makanisa kumi na mawili. Wimbo mzima.

Nimetulia. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la upepo. Obwocha, yule wa kupasua mbao kule Kebirigo, ana vumbi la mbao tele, na feni. Feni haina ujanja wa kukunja kona. Nitaiwasha sebuleni, milango yote nimefunga.

Nitamwomba kwa barua. Kuongea naye siwezi.