Kura Moja ya Papai

Jumatatu, 4 Mei

Tume imefika halmashauri. Hatimaye! Nimevaa tai. Mimi ndiye msimamizi wa ukumbi wa halmashauri, na bila ukumbi uchaguzi wa madiwani utafanyikia wapi? Mkurugenzi alinitambulisha kwa wageni kama "huyu wa funguo". Nimemsamehe. Ana mambo mengi.

Ofisa wa Tume ni mama mfupi, sauti ya upole, viatu vya kutembelea. Kabla ya saa nne ofisi nzima ilishamwita Mama Tume. Ameeleza kazi zilivyogawanywa. Tume inaleta sheria, karatasi za kura, masanduku na mafunzo. Halmashauri inatoa majengo, meza, magari, watangazaji, na watu wanaojua kila uchochoro. Akasema Tume bila halmashauri ni mgeni asiyejua hata choo kiko wapi. Kikao kizima kikaangua kicheko. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Hakuna aliyesinzia! Sijawahi kuona kikao kama hiki katika jengo letu, na vikao vyote hufunguliwa na mimi, kwa ufunguo.

Tatizo: kata yetu ina nafasi ya kituo kimoja tu cha kupigia kura. Ama ukumbi wangu, ama Kituo cha Vijana ng'ambo ya barabara. Cha Vijana anakitunza Bwana Bustani, mtunza bustani wa halmashauri, aliyewahi kukata ua langu la waridi akadai lilikuwa limekufa. Lilikuwa limepumzika.

Siwezi kushindwa. Sababu iko nyumbani kwangu, imekaa kwenye kiti cha magurudumu. Uchaguzi uliopita mama mkwe alifika hadi chini ya ngazi za ukumbi wangu, akaziangalia, akageuza kiti akarudi. Hakupiga kura. Hajawahi kunilaumu. Anachofanya ni kusema "Ngazi" kila nikianza kujisifu.

Jioni nimemwahidi, mbele ya mke wangu, kwamba safari hii atapiga kura ndani ya ukumbi wangu.

Akasema, "Ngazi."

Jumanne, 5 Mei

Ukaguzi wa majengo. Mpango wangu ulikuwa safi: ficha ngazi. Nimetundika bango kubwa la KARIBUNI mbele yake, kisha nikawaongoza wageni kuzunguka hadi mlango wa nyuma, ambako hakuna hata ngazi moja. Akili hiyo!

Sikujua Mama Tume anakaguaje. Mimi nilidhani ataangalia mlango, atasema mzuri, tutakwenda kunywa chai. Kumbe yeye haangalii mlango, anaupita. Amekuja na kiti cha magurudumu kitupu, akakaa mwenyewe, akakisukuma kwa mikono yake. Mhandisi wa halmashauri alitaka kumsaidia, akakataa. Alisema siku ya kura si kila mtu atakuja na mhandisi.

Hapo nikakumbuka viti vibovu. Asubuhi nilivitoa vyote ukumbini ili pawe na sura, nikavirundika nyuma ya mlango huohuo. Nilipiga kelele. Nilichelewa. Rundo likaporomoka lote. Jamani! Kisha nikasikia sauti yake ikitoka chini ya viti, tulivu kabisa, ikimwomba mhandisi aandike kwamba upana wa mlango unatosha.

Tulimtoa. Akajipangusa vumbi, akaenda mbele, akasogeza bango langu, akaziona ngazi. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akamuuliza mhandisi kwa nini mlango wa nyuma usifanywe wa kuingilia. Mhandisi akasema inawezekana: viti viondoke, kokoto zisawazishwe, taa iwekwe. Halmashauri itafanya, Tume itarudi kukagua. Wamekubaliana kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kutafuta ufunguo.

Nimemweleza mke wangu kwamba wazo la mlango wa nyuma lilikuwa langu. Kimsingi.

Alhamisi, 7 Mei

Kituo cha Vijana kiko tambarare, geti pana, kuta zimepakwa rangi juzi. Imebidi nichukue hatua. Nimemdokezea Mama Tume kwamba dari ya Bwana Bustani ina nyuki. Haina. Lakini nani atapanda kuhakikisha?

Mama Tume atapanda.

Amesema kila malalamiko yanachunguzwa, tena hadharani, pande zote mbili zikiwepo. Mchana huohuo halmashauri ikamleta mtaalamu wa nyuki kutoka idara ya kilimo, na ngazi ya mbao, na moshi. Nani alijua tuna mtaalamu wa nyuki? Bwana Bustani alisimama amekunja mikono, ananitazama. Mtaalamu akapanda, akashuka. Hakuna nyuki. Hata nzi.

Nikasema basi, tufunge mjadala. Mtaalamu akasema kwa kuwa vifaa vipo, ni haki kukagua na jengo la pili. Nikasema haina haja. Mama Tume akasema haki ni haki.

Nyuki wamekutwa ukumbini kwangu, darini, juu kabisa ya meza yangu. Mzinga mzima! Kumbe ule mvumo niliokuwa nikiusikia si feni. Miaka yote nimekuwa nikiwasifia wageni feni yangu kwamba haichoki, hata umeme ukikatika.

Na nani amejitolea kuwahamisha? Bwana Bustani. Kavaa wavu kichwani, kashika moshi, kawatoa taratibu pamoja na mtaalamu, kawapeleka kwenye mzinga kando ya Kituo cha Vijana, wamsaidie maua. Sikudungwa hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimejifungia chooni.

Kwa hiyo sasa kwa Bwana Bustani kuna nyuki. Sikusema uongo. Niliwahi tu.

Jumatano, 13 Mei

Uchaguzi wa majaribio, ukumbini kwangu! Mlango mpya umefunguliwa, kokoto zimelainishwa, taa inawaka. Tume imeleta sanduku, wino na vituturi vya kupigia kura. Halmashauri imeleta wafanyakazi wake kuwa wapiga kura, na majirani waliojitolea. Mama Tume aliomba wazee hasa, kwa hiyo nimemleta mama mkwe. Ameingia bila kuguswa na mtu. Alisimamisha kiti katikati ya mlango, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaendelea. Hakusema "Ngazi".

Wagombea walikuwa Embe, Nanasi na Papai, ili watu wasigombane. Nilipomsikia Bwana Bustani anasifia nanasi, nikawa mtu wa Papai hadi kufa.

Nimepiga kampeni kwenye foleni, na vipande vya papai kwenye sinia. Karani wa uchaguzi akaniondoa: kampeni haziruhusiwi kituoni. Nikapiga kura. Nikaenda bombani, nikasugua kidole kwa sabuni, nikarudi kupiga nyingine. Karani akashika kidole, wino unang'aa. Akanirudisha kwa heshima zote. Wino gani huu? Nimeukwangua hadi ngozi imelia, wenyewe haujali.

Nikamfuata mama mkwe kwenye kituturi ili nimsaidie kuweka alama, mahali panapofaa. Karani akamuuliza kama ameniomba. Mama mkwe akajibu hajaniomba chochote tangu siku ya harusi.

Kura zikahesabiwa mchana kweupe. Kila karatasi inainuliwa juu, kila mtu anaiona. Nanasi kibao. Embe za kutosha. Papai, moja.

Moja! Nikasimama, nikadai imeibwa, zihesabiwe upya. Nilidhani Mama Tume atakasirika. Akasema vizuri sana, ndivyo inavyotakiwa, mtu mwenye mashaka aseme. Zikahesabiwa upya, karatasi moja moja, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Nakiri nilisahau hasira, nikabaki kumshangaa. Nanasi kibao. Embe za kutosha. Papai, moja. Na pembeni, kura iliyoharibika, moja. Akaiinua. Chini ya papai nilikuwa nimeandika jina langu ili nisipunjwe.

Amefafanua kwa utaratibu mzuri mno kwamba kura ni siri, na karatasi yenye jina haihesabiwi, ili asitokee mtu wa kumtisha mwingine kwa sababu ya alichochagua. Ukumbi mzima ulisikiliza. Mimi sikusikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa naangalia mwandiko wangu. Mdogo kweli, umejikunyata. Siwalaumu kwa kutousoma vizuri.

Kisha likanijia. Kama yangu imetupwa, ile kura moja ya papai ni ya nani? Mke wangu amesema yeye ni nanasi na haoni aibu. Nikamuuliza mama mkwe, ambaye hajawahi kula papai maishani, anasema linanuka dawa. Akasema kura ni siri, na nimsukume taratibu. Njia nzima alikuwa anaimba kwa chinichini.

Nimewaza sana. Nimepata jibu: ni Mkurugenzi. Siku zote nilijua ananikubali.

Ijumaa, 15 Mei

Uamuzi umetoka. Ukumbi wangu! Nilishangilia hadi mlinzi akaja mbio. Mama Tume alisoma sababu mbele ya wote: mlango hauna ngazi, nafasi ni kubwa, foleni itapata kivuli. Akaongeza kwamba Bwana Bustani mwenyewe ndiye aliyeshauri hivyo, maana haifai watu wasimame foleni karibu na mzinga. Bwana Bustani akanipa mkono. Nikaupokea kama mshindi. Yeye amepewa kuongoza foleni siku ya kura, na kizibao chenye nembo ya Tume.

Na mimi je? Nilikaa mkao wa kuitwa msimamizi wa kituo. Akaitwa mwalimu mmoja. Roho iliniuma, sitaficha.

Lakini Mama Tume akaniita pembeni. Alisema tangu aanze kazi hii hajawahi kuona mtu aliyejaribu makosa yote kwa siku moja. Makarani wamejifunza mengi kwangu kuliko kwenye kitabu. Akaniomba nizunguke naye kata zote, kwenye kila majaribio, niwe mpiga kura msumbufu. Nimekubali kabla hajamaliza. Nimepewa kizibao changu. Kimeandikwa MAJARIBIO.

Mke wangu amecheka hadi amekaa chini. Furaha ikizidi huwa hivyo.

Jumapili, 24 Mei

Siku yenyewe!

Nimefungua mlango kabla jua halijachomoza. Gari la halmashauri likaleta masanduku, maofisa wa Tume wakayapokea, mawakala wa wagombea wakaoneshwa kwamba ni matupu, yakafungwa kwa lakiri. Hakuna aliyemfokea mwenzake. Mhandisi alikuwepo na taa ya akiba. Mtaalamu wa nyuki alipita, akachungulia dari, akanionesha dole gumba. Wiki zote hizi nimewaona wakibeba, wakipima, wakibishana kwa adabu na kuandika tena. Leo kila kitu kilikaa mahali pake, utadhani kimejipanga chenyewe. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mkwe. Bwana Bustani alimwamkia, akampisha. Akaingia kwa mikono yake mwenyewe. Akaoneshwa kituturi cha chini kilichowekwa kwa ajili ya viti vya magurudumu. Akakaa humo muda wake, bila haraka. Akatumbukiza. Alipotoka, kidole kina wino, alisimamisha kiti mbele yangu. Nikasubiri.

Akasema, "Mlango."

Basi. Neno hilo tu. Nimelisubiri tangu uchaguzi uliopita. Nikajifanya natafuta ufunguo.

Baadaye nikapiga kura yangu. Sikubeba papai. Sikurudi mara ya pili. Karani mmoja aliyenijua kwenye majaribio alinitazama kwa hofu tangu mlangoni mpaka sandukuni, na sikumsumbua hata kidogo. Mtu hubadilika.

Jioni matokeo ya kituo yamebandikwa ukutani, kila mtu asome. Mama Tume alipita kuaga. Amesema kituo chetu kimeendeshwa vizuri mno, vituo vingi vingetamani. Kura zilizoharibika: moja tu.

Moja! Nilicheka mpaka Mama Tume akanitazama. Baada ya mafunzo yote yale, bado kuna mtu kwenye kata hii hajaelewa! Nimemwambia uchaguzi ujao wanitume mimi, nikamfundishe huyo nyumba kwa nyumba mpaka nimpate. Akavuta pumzi, akasema hana shaka nitampata.

Mimi mwenyewe sina wasiwasi na yangu. Safari hii nimeandika jina kwa herufi kubwa, la kwangu na la baba, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna atakayesema hakulisoma.