Jinsi Mdomo wa Mama Ulivyotekwa

Hakuwa na meza isiyoyumba. Hakuwa na kifutio, wala miwani yenye mikono miwili. Picha ya mama yake hakuwa nayo hata moja, kwa kuwa marehemu alizikimbia kamera maisha yake yote. Na kipaji, tuseme kweli bila kumung'unya maneno, hakuwa nacho.

Ketini basi, enyi mliolelewa kwa habari za wafalme na majeshi, mjue ushujaa ni nini! Namsimulia Mchora Mabango, Simba wa Brashi, Mnyoosha Herufi, ambaye "CHUMBA KINAPANGISHWA" yake ilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara, naye kwa sifa hiyo moja akajihesabu msanii.

Dada yake, aliyekuwa mbali, tena anaumwa, alimpigia simu. "Kaka, sura ya mama inanipotea. Nichoree, nitumie kabla haijaisha yote."

Ndipo shujaa alipochomoa kalamu kama upanga, akamzingira mama yake kwa mstari mnene, unene uleule toka paji la uso hadi kidevuni, kwa maana ndivyo bango litakavyo: mstari ukikonda, mteja hasomi. Puani uleule. Mdomoni uleule, umepindwa juu kwa tabasamu. Akajipongeza, akamwita mama yake mdogo aje kushuhudia ushindi.

Mama mdogo akashika kiuno. "Huyu nani?"

"Ni mama! Tazama nilivyomnyoosha!"

"Umemnyoosha kama shati la mwanafunzi. Dada yangu alimchekea nani hivi? Hata siku ya harusi alimtazama bwana wake kama nguo iliyorudi chafu kutoka kwa dobi."

"Mama mdogo, heshima yako naitunza," akanguruma shujaa, "lakini mkono huu umeupamba mtaa mzima!"

"Na hili nalo bango. Katundike dukani."

Akabinua mdomo. Na shujaa, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuona kitu kisichopimwa kwa rula, akaona: ulikuwa mdomo wa marehemu, mzima mzima, kwenye uso wa mdogo wake.

"Usiache!" akapiga kelele, akinyakua karatasi mpya. "Nitukane tena!"

"Mvivu wewe! Hata deki hujui kupiga!"

Kalamu ikashuka nzito katikati ya mdomo, ikakonda kama uzi, ikatetemeka, kisha pembeni ikakandamiza mshuko mdogo usiozidi kucha. Ngome ikaanguka. Andikeni, enyi wanahistoria, kama hamna kazi nyingine!

Mama mdogo akaitazama karatasi. Akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Dada," akaiambia picha polepole. Kisha akamgeukia shujaa, "Mwandikie dada yako nyuma yake: mama anauliza unalia nini."

Shujaa akaandika, kwa herufi nene zilizonyooka. Akailamba bahasha mpaka ikalowa, akaifunga, akabandika stempu upande, akaenda mwenyewe kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.