Ngazi Sabini na Mbili

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Nimehukumiwa. Na binti yangu wa kumzaa.

Alikuja na chakula, kama kila Jumamosi, akitokea zamu hospitalini. Akaegemea mlango kimya kwa muda, bila shaka akikagua vumbi. Kisha akasema Jumamosi iliyopita alinikuta nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mdomo wazi, nahema. Nikamwambia nilikuwa nafikiri. Akasema yeye ni nesi, anamjua mtu anayefikiri na anamjua mtu aliyeishiwa pumzi.

Hukumu yenyewe ni hii. Wiki tatu za mazoezi. Jumamosi ya tarehe 22 nitapanda naye ngazi zote sabini na mbili, kutoka barabarani hadi hapa ghorofa ya nne, bila kusimama. Nikishindwa, cherehani, meza na mimi mwenyewe tunahamia chini, kwenye chumba kilicho wazi jirani na fundi viatu.

Chumba kile hakina dirisha! Kina taa inayovuma na ukuta. Kwa upande wa pili kina ukuta mwingine.

Hapa juu saa tatu asubuhi mwanga unaingia na kujinyoosha kwenye meza yangu ya kukatia, kama mteja asiye na haraka. Naona mapaa, matangi ya maji, shuka za watu kwenye kamba, mawingu. Miaka ishirini na sita. Kuna makoti nimeyashona bila kukumbuka kuyashona, mikono inafanya kazi na mimi niko huko nje, mbali. Nani anaweza kuota ndoto huku soli zinagongwa sikioni mwake? Sihami. Nitafanya mazoezi.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku nzima nimeandika ratiba ya mazoezi. Chaki nyekundu kwa miguu, ya bluu kwa pumzi. Ni kazi ya kupendeza sana. Nimeibandika ukutani.

Kuandika kulinichosha, nikajilaza kidogo juu ya marobota ya vitambaa kuiangalia. Wingu moja lilikuwa linapita taratibu, halina presha na mtu. Nikajiona nakimbia juu ya mapaa, mwepesi, shati limejaa upepo, watu wanatoka madirishani wakiulizana yule ni nani. Nilizinduka saa kumi jioni. Miguu nahisi imebadilika.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mteja mmoja, mtu aliyesoma, ameniambia kwamba anayefanya mazoezi kichwani tu anapata nusu ya faida. Hesabu haihitaji mwalimu. Nikifanya mara mbili, napata yote.

Nimelala chali tangu saa mbili, macho nimefumba, nikipanda jengo hili. Mara arobaini kabla ya mchana. Ilipofika kama mara ya thelathini nikafika ghorofa ya tano, ambayo haipo. Ina pazia badala ya mlango, na nyuma ya pazia kuna uwanja wa nyasi, na mtu amekuandalia kiti. Nilikaa huko muda mrefu. Sijawahi kupumzika hivyo.

Nikashuka kununua uzi. Kurudi, nikakaa ghorofa ya pili. Fundi viatu alitoka makusudi, kiatu mkononi, akasimama chini ya ngazi akinitazama. Alisema ameshawaambia wateja wake kwamba nahamia. Akaniuliza meza yangu naitaka ukuta upi.

Mtu huyu tumefahamiana miaka ishirini na bado anapiga mluzi wa wimbo mmoja, tena nusu yake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimejiunga na kundi la mazoezi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiwanja cha nyuma ya shule, watu kumi na wawili. Kiongozi wao anaitwa Kocha, mama mwembamba aliyewahi kukimbia mashindano, ana filimbi shingoni na hana huruma.

Nilizunguka nusu kiwanja. Kisha jua likatoka, umande ukawaka kwenye nyasi zote kwa pamoja, nikasimama. Mtu mwenye moyo angefanya nini? Kocha alikuja akasema nyasi zinaweza kutazamwa huku mtu anatembea.

Hapo likanijia wazo. Nilimwambia kundi lake limevaa ovyo, kila mtu na rangi yake, na mimi niko tayari kuwashonea suruali za mazoezi, wote, zinazofanana. Kocha alilegea papo hapo. Sasa, fundi anapopima lazima asimame. Anayepimwa pia lazima asimame. Kwa hiyo niko kwenye mazoezi kila siku, na nimesimama. Akili nyingine ni kipaji.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimejipima kiuno. Inchi arobaini na nne. Nikahuzunika, nikaacha.

Baadaye, nikitafuta vifungo kwenye droo, nikaikuta tepu yangu ya zamani. Ya kitambaa, imevutika miaka yote hiyo, inchi yake moja ni inchi na kidogo. Nikajipima nayo. Arobaini na mbili!

Inchi mbili kwa wiki moja. Najua nilichofanya, sijidanganyi. Lakini furaha niliyoipata ilikuwa ya kweli, na mtu mwenye furaha anapanda ngazi vizuri zaidi. Kuanzia leo tepu hii inakaa mfukoni mwangu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimemaliza kuwapima wote kumi na wawili. Asubuhi tatu. Wao wanachuchumaa na kuruka, mimi nawaita mmoja mmoja pembeni, natoa tepu mfukoni, naandika. Kila mmoja amefurahi na kipimo chake. Mwokaji mikate, ambaye ana mwili wa mtu anayeonja kazi yake, aliniomba nirudie namba kwa sauti ili wenzake wasikie.

Nimekata vitambaa mchana kwa rula ya mezani, ile ya mbao, iliyonyooka. Mwanga ulikuwa mzuri. Nilikata kama mtu anayeogelea.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Siku mbaya.

Walivaa suruali zote pamoja, wakajipanga mstari, rangi moja, kijani. Walipendeza. Wengine walitembea kwa hatua fupi kidogo, nikadhani ni heshima ya nguo mpya. Kisha Kocha akapuliza filimbi wachuchumae.

Ya kwanza kupasuka ilikuwa ya mwokaji. Halafu zikafuatana, mstari mzima, moja baada ya nyingine, hadi ya Kocha mwenyewe. Sijui kuandika zaidi.

Nimepima watu kwa tepu iliyovutika na kukata kwa rula ya kweli. Mwanafunzi wa wiki mbili asingefanya hivyo. Kocha hakupaza sauti. Alisema nitafumua zote, nitaongeza vipande ubavuni, na kwamba hakuna hata mmoja atakayepanda ngazi zangu kujaribu. Nitawafuata mimi, chini, kwenye benchi la nje ya fundi viatu, kila mtu kwa saa yake.

Binti hakuja leo. Alituma ujumbe kwamba zamu zimembana na tutaonana tarehe 22. Nilishukuru asije akasikia habari hizi.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Sina nafasi ya mazoezi kabisa! Niseme mara ngapi?

Jana nimeshuka na kupanda mara tisa. Leo mara kumi na moja. Mwokaji anakuja kabla ya kuwasha tanuri, nashuka. Nimesahau pini, napanda. Nashuka, chaki nimeiacha juu. Kocha anataka kiuno kilegezwe, kisha anataka kikazwe. Mwalimu wa hesabu, naye wa kundi, anakuja saa sita kamili, haongezi dakika. Hapo fundi viatu ananipisha benchini kwa adabu ya kejeli na kuniambia nizoee mazingira.

Mtu atajenga mwili saa ngapi katika maisha kama haya? Siku nne sijalala chali hata mara moja kupanda ngazi kichwani. Ghorofa ya tano nimeisahau ilivyo. Ratiba yangu ukutani imeingia vumbi. Leo nimepita mbele ya dirisha nikiwa na suruali sita begani na sikutazama nje. Ndivyo watu wanavyozeeka.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Suruali zimekwisha, zimekubaliwa. Kesho ndiyo siku, na sijafanya zoezi lolote. Imebaki akili tu.

Mpango ni huu. Binti alisema nisisimame. Hakusema nisifanye kazi. Nimeweka viti viwili vya kukalia, kimoja ghorofa ya pili, kimoja ya tatu. Mwokaji atakuwa amesimama kwenye cha kwanza, pindo limefumuka. Mwalimu wa hesabu atakuwa kwenye cha pili, kifungo kimening'inia. Nikifika nitapiga goti kama fundi yeyote anayejali wateja, nitashona polepole, nitavuta pumzi. Viti nimevipandisha mwenyewe. Kimoja kilikuwa kinayumba, nikakishusha, nikapandisha kingine.

Jioni nimekaa dirishani bila kuwasha cherehani. Mapaa yalikuwa na rangi ya chungwa. Mwanamke wa jengo la pili alianua shuka zake, akazikumbatia zote, akaingia ndani. Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Naogopa kuamka siku moja nisijue kama nje kuna jua.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Binti alikuja saa nne. Mfuko wa chakula mkono mmoja. Fundi viatu alitoa kiti chake nje kabisa, akakaa kutuangalia.

Tukaanza kupanda. Nilikuwa nimeamua kuzungumza bila kukata ili pumzi isisikike, na somo nililonalo tayari ni fundi viatu. Nikaanza na mluzi wake. Ghorofa ya kwanza nilikuwa nimefika kwenye tabia yake ya kutandaza viatu njiani. Ghorofa ya pili kiti kipo, mwokaji hayupo. Yuko kwenye mikate yake! Nikapita kwa hasira, nikahamia kwenye habari za watu wasiotimiza ahadi. Ghorofa ya tatu mwalimu hayupo pia. Saa ilikuwa imepita dakika mbili, bila shaka akaondoka. Nikayasema na hayo. Nilifungua mlango wangu huku bado nasema.

Mwanga ulikuwa mezani. Nilikuwa nimefika. Pumzi ninayo, ya kutosha na ya kuazimisha. Nikageuka binti aone uso wangu.

Hakuwepo. Nikasikia mtu anahema chini.

Nilimkuta ghorofa ya pili, amekaa kwenye kile kiti, mfuko wa chakula mapajani, mdomo wazi. Nikamuuliza kama anafikiri. Hakucheka.

Akasema, "Baba, mimi ndiye ninayeshindwa na hizi ngazi."

Alinieleza kidogo kidogo. Tangu mwaka uanze anafanya zamu mbili mbili, anasimama mchana kutwa, miguu inavimba. Jumamosi akifika mlangoni kwangu hawezi kusema neno, ndiyo maana huegemea. Alitaka nihamie chini ili aweze kupita hata siku za katikati ya wiki, akae na mimi kidogo, aende. Hakusema hivyo kwa sababu alijua nitamwambia bado ni kijana. Ningemwambia, kweli.

Nilikaa kwenye ngazi pembeni yake. Moyo uliniuma, sifichi. Tulikula pale pale, watu wanatupita na ndoo zao. Nilimvua viatu nikaona miguu yake. Aliniambia chumba changu nimekishinda kihalali, nibaki nacho. Kisha akashuka polepole ameshika ukuta.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Wiki nzima sikuwa na raha. Nilikaa dirishani nikimuwaza binti yangu na miguu yake, na cha kufanya. Jumatano, katikati ya mawingu, jibu likaja. Jambo lenyewe ni rahisi mpaka nikajionea aibu.

Kamba, gurudumu dogo la chuma na kikapu! Nimevifunga nje ya dirisha, vinashuka hadi barabarani. Binti hana haja ya kupanda ngazi tena maishani mwake. Na wateja wanaweka humo nguo zao na vipimo, kwa hiyo mimi nami sina haja ya kushuka. Kocha nimemuaga. Nimemwambia lengo nimelifikia na kuzidisha si kuzuri. Alitaka kujua siri yangu. Nikamwambia ukweli, kupumzika vya kutosha na kupanda kichwani.

Leo saa nne alikuja. Nilimwita kutoka juu, nikateremsha kikapu. Alikitazama, akanitazama, akaweka chakula. Kilipanda bila kumwaga hata tone. Nilimpungia mkono na yeye akapunga.

Alibaki amesimama pale chini, kiganja juu ya macho kwa sababu ya jua. Kutoka huku anaonekana mdogo, kama zamani. Nilidhani kuna kitu amesahau kuweka, nikateremsha kikapu tena. Hakuweka kitu. Alikishika kidogo kwa mikono miwili, akakiachia, nikakivuta juu kitupu.

Nadhani ana wasiwasi na kamba. Wiki ijayo nitaweka nene zaidi.